Kwenu ilinyesha?

Nilihamia Dodoma Agosti 2017, wakati wizara zinamiminika kutoka Dar es Salaam na kila lori barabarani limefungwa godoro juu. Nikapata nyumba ya kupanga Nkuhungu. Nikaja na vyombo vyangu vyote pamoja na tabia zangu: honi getini, kioo cha gari juu, "za leo" ya kutupa bila kusimama, mlango unafungwa. Nilijiona mtu mstaarabu asiyeingilia maisha ya watu. Majirani walinisalimia, nami niliitikia huku miguu inatembea. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Hasara ya tabia ile naweza kuihesabu. Ni kuku 14.

Nilikuwa nimewanunua kidogo kidogo mnadani, matetea 11 na majogoo 3, kuku wa kienyeji wazuri, nikawajengea banda lililopita mabanda yote ya mtaani. Septemba 2018, upepo wa vumbi unavuma mchana kutwa, nikaona tetea mmoja amezubaa pembeni, mabawa yameshuka. Kesho yake walikuwa watano. Kinyesi cha kijani, wengine shingo zinapinda kama mtu anayetafuta kitu mgongoni kwake. Wiki haikuisha, banda likawa tupu. Jumamosi nachimba shimo la kuwafukia, bibi wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Pole mwanangu. Kideri hicho."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sisi huku tulichanja mwezi uliopita."

"Sasa mbona hamkuniambia, bibi?"

Akanitazama kidogo. "Ningekuambia saa ngapi?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Nikajaribu kukumbuka ni lini, mwezi ule mzima, nilisimama getini hata dakika mbili. Sikuipata siku.

Nikabadilika, na nisijisifu, sikubadilika kwa wema. Nilitaka kuku wengine na nilitaka wasife. Sasa kila mara napigiwa simu na mtu anayehamishiwa huku, anauliza kodi za nyumba na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Hakuna anayeuliza namna ya kupiga soga na majirani wa Dodoma, kumbe hapo ndipo mimi nilipoumia. Kwa hiyo naandika hilo: mvua, bustani, kuku, mbwa, paka. Mazungumzo ya ua kwa ua.

Anza na mvua. Dar es Salaam mvua ni habari ya foleni na daladala. Huku ni habari ya chakula. Dodoma ina msimu mmoja tu: mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakoma Aprili, na mwaka mzima jumla yake ni kama milimita 550 hadi 600. Usitafute vuli wala masika, sema tu "msimu" na kila mtu atakuelewa. Katikati yake, Januari au Februari, jua huingia likakaa hata wiki mbili tatu, mahindi yakasokoteka majani mpaka unaona huruma. Halafu zinanyesha kwa madoa. Mtaa wa Kisasa wanavua viatu kuvuka barabara, sisi Nkuhungu tunatimua vumbi. Ndiyo maana asubuhi za msimu watu wakishamalizana na shikamoo, swali linalofuata ni hilo hilo: "Kwenu ilinyesha?"

Mwanzoni niliona ni maneno ya kujaza kimya. Baadaye nikagundua anayeniuliza ana shamba Hombolo, mwingine ana eka mbili Mpunguzi, na kila jibu la jirani linamsaidia kujua wingu la jana lilikata kuelekea wapi. Ukijibu "sijui, nililala", umemnyima mtu taarifa aliyoihitaji. Angalia ardhi kabla ya kutoka. Gusa udongo. Jibu lenye maana ni kama "ilitia vumbi tu" au "imeingia kidole kizima".

Na usiseme nilichosema mimi. Januari 2018, dukani, nikiwa na furaha zangu, nikatamka kwa sauti: "Afadhali leo jua, nina nguo za kufua." Jua lilikuwa na siku 12 bila kuondoka. Watu watatu waliokuwa wameegemea kaunta wakanyamaza, muuza duka akanirudishia chenji akiangalia kwingine. Huku ni Ugogo, watu wametaja njaa zao kwa majina kama wengine wanavyotaja watoto. Ile iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliwakuta watu wameshanyang'anywa nafaka na ng'ombe na majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, na mvua nazo zikakataa. Bibi yangu wa minyaa hakuwapo, lakini analijua jina kutoka kwa mama yake. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za nguo.

Utabiri nao usiupuuze. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye msimu mmoja kama yetu, na kwa kawaida unatoka mwishoni mwa Oktoba. Usome, kisha uende nao uani ukiwa kama swali: "Wamesema wastani hadi chini ya wastani, mzee unaonaje?" Hapo umempa mtu kiti akae. Atakuambia mibuyu imechipua mapema au imechelewa, upepo umegeuka au bado. Ukibishana naye na simu mkononi, umeharibu. Mimi nasikiliza vyote, maana utabiri wa kila siku una msemo wake, "mvua katika maeneo machache", na nimeishi hapa vya kutosha kujua kwamba mtaa wetu haumo katika hayo machache.

Mtu aliyenifundisha zaidi kuhusu mvua ni mzee wa nyumba ya mkabala, mstaafu wa reli. Ana kopo. Ni kopo la bati lililonyooka kutoka kitako hadi mdomo, ameliweka juu ya kigingi katikati ya uwanja, mbali na mti na mbali na paa. Asubuhi baada ya mvua anatoka na rula ya shule, anaitumbukiza hadi chini, anasoma milimita, anamwaga, anaandika kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani. Kalenda zake za zamani hazitupi. Ukimuuliza mvua ya mwaka fulani ilianza lini, anakwenda kuifunua.

Tengeneza kopo lako, ni mlango mzuri kuliko yote wa kuingilia mtaani. Liwe na kuta zilizonyooka, kwa sababu lenye mdomo mpana na kitako chembamba litakudanganya. Sifuri ya rula ianzie ncha yenyewe, rula nyingi huacha nafasi kidogo mwanzoni. Soma mapema kabla jua halijapunguza. Faida yake siyo maongezi peke yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ninayokaa, chini ya bati ni mita 10 kwa 8, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo wala haikuzuii kwenda kazini, inashusha karibu lita 800. Siku mzee aliponipigia hesabu hiyo kwa kijiti mchangani nilinyamaza, maana mwaka uliotangulia maji yote yale yalikuwa yamekwenda mtaroni, na Julai nikanunua maji ya boza. Sasa nina mfereji wa bati na simtanki la lita 1,000, na bado natamani la pili. Mvua ya kwanza ya msimu usiiingize, acha ioshe vumbi la miezi saba na kinyesi cha njiwa.

Bustani nayo niliianza vibaya. Nilipanda mchicha Septemba, katika tuta lililoinuka, kama tulivyofanya nyumbani Tanga. Tanga tuta linainuliwa ili maji yasisimame. Huku maji ndiyo unayoyatafuta, tuta lililoinuka linakauka saa nne asubuhi. Nilimwagilia ndoo nne kwa siku, mchicha ukatoka mwembamba kama nywele. Bibi alikuwa anaona yote kutoka ng'ambo ya ua na hakusema kitu. Baada ya msiba wa kuku, nilipoanza kusimama, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa: "Mwanangu, wewe bustani yako umeipandisha kitandani. Ilaze chini."

Kuilaza chini maana yake ni jaruba lililoshuka, upana wa kukuwezesha kufika katikati kwa mkono, kingo zimeinuka pande zote, ndani samadi iliyooza na udongo, juu majani makavu. Ndoo moja inafanya kazi ya tatu. Oktoba, jua likiwa la kuchoma, weka matawi ya mwarobaini juu ya miche mpaka ishike. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye mchicha, ya kufulia yenye sabuni yaende kwenye mpapai. Haya yote niliyapata nimesimama, kikombe cha chai mkononi, hakuna aliyenifundisha darasani.

Ya mashimo pia. Kuna kijiji kinaitwa Chololo, hapa hapa Dodoma, na mashimo ya kupandia yamechukua jina lake. Unachimba shimo la upana wa shibiri moja na kina cha sentimita 30 hivi, moja hadi jingine sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Udongo unaotoka unauweka upande wa chini wa mteremko ili ukinge maji. Ndani unatia majivu kidogo, mchwa hawayapendi, kisha samadi na mabua, unafukia nusu, mvua ikija unapanda. Nimejaribu mashimo 40 nyuma ya nyumba kwa mahindi na uwele. Uwele ulinipa. Mahindi yalinipa maneno ya kuongea, maana kila aliyepita alisimama kunicheka: nani alikuambia Dodoma ni ya mahindi? Kucheka huko usikuchukie. Mtu akicheka bustani yako, amesimama, na aliyesimama atakuambia yeye hufanyaje.

Zabibu sitazisema sana, kila mwenye kichanja hapa ana dini yake juu ya zabibu. Mavuno ni mawili kwa mwaka, ya Februari na Machi na ya Agosti na Septemba, na wengi watakuapia kuwa za kiangazi ndizo tamu, za msimu zinasumbuliwa na ubwiri. Ukitaka jirani asahau kuwa ana kazi, muulize ameikata mizabibu yake lini.

Tahadhari moja ya minyaa, kwa kuwa soga nyingi hupigwa juu yake. Ukisaidiana na jirani kuipunguza, vaa miwani au geuza uso. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalala unalia. Mimi ulinirukia kwenye kope tu na nilijuta.

Sasa mifugo. Hapa nina la kusema kwa ukali kidogo, maana limenigharimu. Kideri hakina dawa, kina chanjo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kifaranga na jogoo dozi ni ile ile. Kuku aliyekwisha kuugua usihangaike kumchanja. Na hapa ndipo soga inapogeuka pesa: chupa moja inatosha kuku wengi kuliko walio kwenye banda moja la mjini, na ikishafunguliwa haikai, baada ya siku chache ni ya kutupa. Peke yako utainunua uitupe zaidi ya nusu, au utaona hasara usinunue kabisa. Mtaani kwetu nyumba sita tunachanga. Bibi ndiye anayeita siku. Tunaanza jioni kuku wakiwa wamelala, mmoja anashika, mmoja anadondosha, watoto wanawafungia mlango. Nani kachanja na nani hajachanja kila mtu anajua, kwa sababu nyumba moja ikiruka, ugonjwa utaingilia hapo. Kabla ya ile Septemba, nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Kwa mbwa, mazungumzo yaanze na jina. Mtaani kwetu kuna Simba wanne na Tomi wawili. Ukishamjua mbwa kwa jina na tabia, utajua pia siku akibadilika: mtulivu aliyeanza kung'ata hewa, au mkali aliyejificha na kudondosha mate. Hiyo ni taarifa ya kumwambia mwenye mbwa usiku huo huo, na ya kuwaita watoto ndani. Kichaa cha mbwa kinachanjwa kila mwaka, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tega sikio, mara nyingi kunakuwa na zoezi la chanjo sehemu fulani na habari hupitia mdomoni kabla haijafika kwenye tangazo. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Paka wangu anaitwa Kitenge, kwa ajili ya rangi zake tatu. Nilidhani ni wangu. Nilipoanza kuongea na watu nikajua kuwa kwa bibi anaitwa Mwali na anakula dagaa saa sita, na kwa mzee wa kopo hana jina ila ana gunia lake la kulalia. Panya wa nyumba tatu anawala yeye. Tumekubaliana gharama za daktari tugawane, jambo ambalo mzee amelikubali kwa mdomo tu mpaka sasa.

Miiko michache. Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi au mbuzi wangapi, ni sawa na kumuuliza ana shilingi ngapi benki. Uliza "mifugo haijambo?" inatosha. Siku ya maji usimshike mtu kwa maneno, ndoo zake zinamngoja. Salamu usiikate: baada ya shikamoo kuna za nyumbani, za watoto, za shamba, na ukiruka moja wanaona unakimbilia kuomba kitu. Jifunze "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, useme vibaya, wakusahihishe, hapo tayari mna dakika tano. Na soga ikianza kuhamia kwa mtu asiyekuwapo, irudishe kwenye nyanya. Nyanya zina kantangaze, yule mdudu mharibifu, zina matatizo ya kutosha jioni nzima.

Ukiwa mtu wa aibu, kama mimi nilivyo ingawa hamtaamini, tafuta kazi ya kufanyia nje. Kuchambua mboga, kufagia, kumwagilia. Mtu asiyefanya kitu akisimama getini anaonekana anachunguza, mwenye ndoo mkononi anaonekana yupo tu.

Kuna msimu mmoja mvua ilinyesha usiku, nikatoka asubuhi kusikia kiasi, kopo la mzee limejaa na hakuna aliyelimwaga. Saa mbili bado. Nikavuka, nikabisha hodi mara tatu. Alikuwa kitandani na homa, malaria, siku ya pili hajala, wanawe wako Morogoro na Singida na kila mmoja alidhani mwenzake amepiga simu. Tukampeleka hospitali mimi na kijana wa bibi. Njiani, anatetemeka ndani ya blanketi, aliniuliza kama nimelisoma kopo. Nilikuwa sijalisoma. Alikasirika kweli.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga kumwona mama. Alfajiri ya siku ya pili simu ikaita, nikashtuka, nikadhani msiba.

"Kwenu huko ilinyesha?"

"Shikamoo mzee. Imenyesha usiku kucha."

"Marahaba. Hapa ndiyo ya kwanza. Kopo linasoma 31. Mimi nimeandika 32, maana nimemkuta paka wako ana kichwa ndani."